Mchuuzi Apewe Mahali Kabla ya Kuondolewa Barabarani

Kila mara usafi wa miji unapozungumzwa, jina la Singapore halikosi kutajwa. Huelezwa kwamba huko atupaye takataka njiani hutozwa faini kubwa, na kwamba mwaka 1992 hata uuzaji wa chingamu ulipigwa marufuku. Kutokana na maelezo hayo, wengi wetu huamini kwamba siri ya mji ule ni ukali wa sheria. Mimi ni askari, wala siwezi kuudharau ukali wa sheria. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba imani hiyo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu zaidi.

Hivi karibuni nilipata nafasi ya kukaa Singapore siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Majumba marefu ya Marina Bay hustaajabisha, lakini hayo msomaji amekwisha kuyaona katika picha. Kilichonivuta zaidi ni ukumbi wa chakula wa Maxwell, karibu na mtaa wa Wachina. Chini ya paa moja vibanda vimepangwa kwa safu, kila kimoja kina nambari yake na maji ya bomba. Karani mwenye tai na kibarua wa ujenzi walikuwa wakila meza moja, kwa bei isiyomwumiza yeyote kati yao.

Wachuuzi wa Singapore hawakuanzia kumbini. Nchi hiyo ilipojitenga na Malaysia mwaka 1965, wachuuzi wa vyakula walijaa barabarani, na mabaki yao yaliishia mitaroni na mtoni. Serikali ilianza kwa kuwahesabu. Kati ya mwaka 1968 na 1969 iliwaandikisha kisiwani kote na kuwapa leseni za muda. Kuanzia mwaka 1971 ikajenga kumbi zenye maji, umeme na mitaro, ikawahamishia humo awamu kwa awamu, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 1986. Ilikuwa kazi ya miaka kumi na mitano.

Mto nao ulisafishwa kwa mpango kama huo. Mwaka 1977 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alitaka Mto Singapore uwe safi katika muda wa miaka kumi. Mazizi ya nguruwe na bata yaliondolewa, familia zilizoishi katika vibanda zikahamishiwa nyumba za serikali, na wachuuzi wa kandokando wakapewa nafasi kumbini. Mwaka 1987 kazi ilikamilika. Tangu ukuta wa Marina ufunguliwe mwaka 2008, mto ule umekuwa sehemu ya bwawa la maji ya matumizi ya wananchi. Mwaka 2020 UNESCO iliuandikisha utamaduni wa kumbi za chakula za Singapore katika urithi wa binadamu.

Sisemi kwamba kuhama kulikuwa kutamu. Wapo waliohuzunika kuachana na wateja wao wa miaka mingi, na nguvu za dola zilitumika. Lakini amri ya kuhama ilikwenda pamoja na mahali pa kuhamia. Katika chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba kuruta haadhibiwi kwa kiatu kichafu kabla hajapewa brashi na kiwi. Akiisha kupewa, hana tena udhuru.

Hapa kwetu, mnamo Januari 2022 wachuuzi waliondolewa katika barabara za Kampala. Nia ya kuusafisha mji ni njema, wala hakuna apendaye kukanyaga matope ya mabaki ya mboga. Lakini mama aliyenyang'anywa karai lake la ndizi asubuhi hana budi kurudi jioni, maana watoto wake hawatashiba tangazo. Tukimfukuza bila kumwonyesha pa kwenda, tutamfukuza tena mwaka ujao, na mfereji wa Nakivubo utaendelea kubeba taka hadi Ziwa Viktoria.

Watakuwapo watakaosema kwamba Singapore ni kisiwa kidogo chenye fedha nyingi. Udogo wake nakubali. Utajiri wa leo, hata hivyo, haukuwapo mwaka 1971, na vitu vilivyohitajika vilikuwa paa, saruji, bomba na choo. Hivyo havizidi uwezo wetu.

Kwa maoni yangu, wakuu wa miji yetu wangefuata utaratibu ule ule: wachuuzi waandikishwe, masoko yajengwe mahali wateja wanapopita kweli, kodi ya kibanda iwe ile ambayo muuza ndizi anaweza kuilipa, kisha itangazwe tarehe ya kuhama. Baada ya tarehe hiyo sheria ishike mkondo wake bila upendeleo. Askari atakayetumwa siku hiyo kusimamia barabara ataifanya kazi yake kwa moyo mweupe, kwa kuwa atakapomwambia mama yule aondoke, ataweza pia kumwonyesha pa kwenda.