Mtu Mzima Si Samaki Mkavu

Ipo methali moja ambayo imetumiwa vibaya katika nchi yetu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema hivyo kwa ajili ya malezi, ili mzazi asizembee mpaka tabia mbaya ya mtoto ikaota mizizi. Lakini methali hiyo siku hizi hutolewa kila mara mama wa miaka 30, au baba mwenye watoto watatu, asemapo kwamba ataka kurudi darasani apate kuwa muuguzi. Huambiwa kuwa amekwisha kukauka, na akikunjwa atavunjika. Huambiwa hivyo na jirani, na shemeji, na pengine na mwenziwe wa nyumbani. Sisi twasema hapana. Mtu mzima si samaki mkavu, na aliyemwambia hivyo hamtakii mema, wala hailitakii mema zahanati ya kijiji chake.

Tuanze na haja yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wauguzi milioni 29.8 duniani kote mwaka 2023, na likasema kuwa wanapungua milioni 5.8. Sehemu kubwa ya pungufu hiyo imo katika Afrika na nchi za mashariki ya Bahari ya Kati. Hapa Tanzania uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kuwa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai hufa akina mama 556 kwa sababu ya uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hii ni hatua kubwa, na kila mpenda nchi aifurahie. Lakini vifo havipungui kwa hotuba. Hupungua mama anapojifungua mbele ya mtu aliyefundishwa, mahali palipo na dawa, damu na gari la kumkimbiza hospitali kubwa. Dawa hununuliwa. Gari hununuliwa. Muuguzi hanunuliwi dukani. Hufundishwa, na kufundishwa kwataka mtu aliye tayari kukaa chini na kusoma.

Mtu huyo tutampata wapi? Wengi hujibu upesi: kwa watoto wetu wanaomaliza Kidato cha Nne. Ni kweli, na waje kwa wingi. Lakini wako pia maelfu ya watu wazima ambao shule iliwapita. Mmoja aliacha kwa kukosa ada. Mwingine alipata mimba akafungiwa mlango, na mlango huo haukufunguliwa mpaka Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana kama yeye kurudi shule. Mwingine alimaliza, lakini alifeli Kemia, akaolewa, akafungua genge. Wengine wamo ndani ya hospitali hasa, wahudumu wanaosafisha wodi, kubeba machela na kumgeuza mgonjwa kitandani, na kila siku humtazama muuguzi akifanya kazi ambayo nao wangeliweza kuifanya kama wangelifundishwa. Watu hawa ni akiba ya taifa, nayo imekaa bure.

Wako wasemao kwamba elimu ya mtu mzima ni jambo geni, la watu wa Ulaya. Hao hawajui historia yao. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa mtu wa miaka 27 ambaye amekwisha kufundisha wenzake. Ulipofika mwaka wa Uhuru, 1961, Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa kwa ajili ya watu wazima, na wengi walioingia humo hawakuwa na vyeti vikubwa. Mwaka 1964, alipoupeleka Bungeni Mpango wa Miaka Mitano, Mwalimu alieleza kuwa lazima watu wazima waelimishwe kwanza, kwa kuwa matunda ya elimu ya watoto yatachukua miaka mingi kuonekana. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, redio katikati, wakajifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya habari za malaria, kuhara na maji machafu, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Ujinga na maradhi ni ndugu wa tumbo moja. Wazee wetu walilijua hilo, wakawapiga wote wawili kwa rungu moja.

Tumkumbuke pia Lucy Lameck wa Moshi. Alisomea uuguzi wakati wa Mwingereza, hakukubali kuendelea kutumika chini ya utaratibu wa afya wa wakoloni, akafanya kazi nyingine. Baadaye, mtu mzima aliyekwisha kuonja kazi, alirudi masomoni Ruskin College kule Oxford. Aliporudi nyumbani aliingia Bungeni, akawa mwanamke wa kwanza kushika Uwaziri Mdogo, na Wizara ya Afya ilikuwa miongoni mwa kazi alizozitumikia. Hata yule Mwingereza Florence Nightingale, ambaye wauguzi wa dunia nzima humtaja, alipokwenda Kaiserswerth nchini Ujerumani mwaka 1851 kujifunza kazi hiyo alikuwa na miaka 31. Hakuna aliyevunjika kwa kukunjwa.

Basi njia ni ipi? Twataka msomaji aijue, maana wengi hukata tamaa mbele ya mlango ambao hawajaujaribu. Anayetaka kusomea Stashahada ya Uuguzi na Ukunga hutakiwa awe na cheti cha Kidato cha Nne chenye ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, yasiyo ya dini, na ndani yake iwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea nguvu. Masomo ya Stashahada huchukua miaka mitatu. Aliyeacha shule kabla ya Kidato cha Nne aweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ule watu wauitao QT, na akifaulu hufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyefeli somo moja au mawili aweza kuyarudia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo kwa kazi hii. Na mtu asitoe shilingi yake kabla hajahakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, maana wako matapeli wanaouza karatasi. Bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, hakuna aruhusiwaye kufanya kazi ya uuguzi, hata awe na cheti kilichopambwa kwa dhahabu.

Wengine hulalamika: za nini hizo Kemia na Fizikia kwa mama aliyelea watoto wanne na kuuguza wazee wawili? Hapa hatutambembeleza mtu. Chukua mtoto mwenye homa, uzito wake kilo 12. Dawa ya homa yatakiwa milligramu 15 kwa kila kilo, yaani milligramu 180. Chupa imeandikwa kwamba kila mililita 5 ina milligramu 120. Apewe mililita ngapi? Jibu ni saba na nusu. Muuguzi hulipata jibu hilo saa nane za usiku, wagonjwa wengine wakimwita, na hana ruhusa ya kukosea. Huruma bila hesabu yaweza kuua. Kwa hiyo hatuombi mtu mzima afunguliwe mlango wa nyuma. Twaomba asaidiwe kupita mlango wa mbele. Na akiisha kupita, ule umri wake utakuwa faida: amekwisha kukesha na mgonjwa, amekwisha kufiwa, ajua namna ya kusema na mtu mwenye hofu.

Sasa tuyaseme mambo matatu tunayoyataka.

La kwanza ni maabara. Katika miaka ya kuelekea 2014 wananchi katika kata zote walitakiwa wachange ili kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya Fizikia, ya Kemia na ya Biolojia. Ni masomo yale yale matatu! Watu walitoa fedha, walibeba mawe, walichota maji. Leo mama aliyebeba mawe hayo akitaka kujifunza Kemia husoma katika daftari la kuazima, asiyewahi kushika hata neli ya kupimia, na maabara aliyoijenga imefungwa kufuli tangu saa tisa alasiri mpaka kesho yake. Twasema kufuli hiyo ifunguliwe jioni mbili kwa juma na Jumamosi asubuhi. Mwalimu wa jioni alipwe, maana mwalimu naye ana tumbo. Kama Halmashauri inazo fedha za posho za vikao, haitakosa za mwalimu mmoja wa Kemia.

La pili ni umri. Matangazo ya ajira ya Serikali yamezoea kutaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kazini serikalini. Na umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Mwenye miaka 30 leo, akitumia miaka miwili kutengeneza cheti chake na mitatu chuoni, atahitimu ana miaka 35, na ataweza kulitumikia taifa miaka 25. Huyo hana shida. Lakini aliyeanza na miaka 41 atahitimu ana 46, na atakuta mlango umefungwa, ingawa ana miaka 14 ya kazi mbele yake. Miaka 14 ya mkunga katika zahanati isiyo na mkunga ni watoto wangapi? Twaiomba Serikali ilegeze sharti hilo kwa wauguzi na wakunga, hasa kwa wale watakaokubali kwenda vijijini.

La tatu ni ajira yenyewe. Ni jambo la aibu kuona zahanati haina muuguzi, na muuguzi aliyehitimu yuko mjini hana kazi. Hatutamdanganya msomaji kwamba cheti ni mshahara. Anayerudi shule na ajue kuwa aweza kungoja. Lakini anayepanga bajeti ya taifa naye ajue kuwa kumfundisha mtu miaka mitatu na kisha kumwacha akae kibarazani ni kulima shamba na kuacha mahindi yaozee juani. Mikopo kwa wanafunzi wa Stashahada katika masomo ya afya ilianzishwa mwaka 2023, nasi twaisifu hatua hiyo. Kila mwombaji asome masharti yake kwa makini. Lakini mkopo bila ajira hulipwa na nini?

Tumekwisha kuieleza Serikali. Yapo pia ambayo hayahitaji Serikali wala bajeti, nayo ni ya sisi wenyewe, katika matawi na katika nyumba.

Twawaambia wanaume: mke wako akirudi darasani hakukimbii. Ukimpikia watoto ugali jioni mbili kwa juma hutapungua urefu. Tumewaona wanaume wanaojivuna katika mikutano kuwa wapenda maendeleo, na nyumbani wanaficha daftari la mke. Mtu wa namna hiyo asituambie habari za ukombozi. Na wanaume wenyewe wasidhani uuguzi ni kazi ya wanawake tu. Wodi ya wanaume yataka mikono pia, na mgonjwa aliyevunjika kiuno haulizi anayemwinua amevaa gauni au suruali.

Twawaambia viongozi wa matawi: ofisi ya tawi ina chumba, ina taa, ina benchi, na jioni nyingi haina mtu. Iwe darasa. Katika kila kata yuko mwalimu mstaafu ajuaye Fizikia. Mwiteni kwa heshima. Yuko muuguzi mstaafu. Aje aseme na wanaotamani kazi hiyo, awaeleze zamu ya usiku ilivyo, ili anayeogopa damu ajue mapema. Akina mama wa tawi wapange zamu ya kuwatazama watoto wa wale wanaosoma. Pangeni pia mchango mdogo wa ada ya mtihani, kwa zamu, kama tuchezavyo upatu. Tawi likifanikisha mtu mmoja tu kwa miaka mitano, kata itakuwa imejipatia muuguzi wake, mtoto wa nyumbani, ajuaye lugha ya wazee na njia ya kwenda kwao hata usiku wa mvua.

Na wewe ndugu yetu unayesitasita, hatuna la kukuficha. Utachoka. Utakaa benchi moja na watoto wa rika la mwanao, nao watacheka juma la kwanza. Juma la tatu watakuuliza swali la Biolojia. Pengine utafeli Kemia mara moja, na itakubidi uirudie. Miaka mitano ni mirefu, lakini itapita tu, usome au usisome. Itakapokwisha utakuwa na umri ule ule, ama na leseni mkononi ama bila leseni. Mtihani wa Maarifa una tarehe zake za kujiandikisha. Ziulizie juma hili.