Siku ya Kuzaliwa Haina Saa

Wako waandishi wa programu wanaoshikilia kwamba kila tarehe lazima ibandikwe saa ndipo kompyuta iipokee. Mimi nawapinga.

Tuseme mama wa Marangu anamwandikisha mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Machi 2019. Hataji saa, wala haulizwi. Programu inajiongezea yenyewe, kimya kimya, saa sita kamili ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Kisha taarifa inatumwa kwenye kompyuta nyingine inayofuata saa za Greenwich. Sisi tuko mbele ya Greenwich kwa saa tatu; kwa hiyo huko bado ni saa tatu usiku, tarehe 28 Februari. Programu ya huko ikiikata saa na kubakiza tarehe, mtoto amekwisha sogezwa siku moja. Cheti kinasema hivi, orodha ya shule inasema vile, na atakayeteremka Moshi mjini kutafuta muhuri, kwa nauli yake, ni mama yule.

Wataniambia hiyo ndiyo kanuni ya kompyuta. Si kweli. Kanuni za XML Schema za mwaka 2001 zilitenga aina ya tarehe pekee na aina ya tarehe yenye saa. Java nayo, tangu mwaka 2014, ina tarehe isiyo na saa wala majira ya mahali. Basi la Dar es Salaam ndilo linalohitaji saa, kwa kuwa likishaondoka limeondoka. Mtoto wa Marangu apewe tarehe yake tupu, kama mama alivyoitaja.