Mashua Kubwa Si Mashua Ndogo Iliyokuzwa

Mwanafunzi wa sekondari aliyeko Tunduma yu mbali na bahari. Kwa barabara kuu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Hata hivyo, mkoa wake wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umepakana na Ziwa Rukwa, na kwa wavuvi wa huko ukubwa wa chombo ni jambo la kila siku. Aghalabu watu husema kwamba chombo kikubwa ndicho salama. Kauli hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki imekwisha kuua watu.

Tuchukue mashua mbili za tanga zenye umbo moja, ya kwanza ina urefu wa meta 5 na ya pili meta 10. Upana, kina na mlingoti vyote vimezidishwa mara mbili. Tanga la mashua kubwa litakuwa na eneo mara 4, na uzito wake utakuwa mara 8. Upepo unaolisukuma tanga huilaza mashua kwa nguvu inayotegemea eneo la tanga na kimo chake: mara 4 kwa mara 2, yaani mara 8. Lakini nguvu ya kuiinua tena hutegemea uzito pamoja na upana: mara 8 kwa mara 2, yaani mara 16. Basi kwa upepo ule ule mashua kubwa ina uimara maradufu ikilinganishwa na ndogo. Hii ndiyo nusu ya kweli. (Wenyeji wa pwani waliijua njia nyingine: ngalawa nyembamba hupata uimara wake kwa matengo, ile miti miwili inayoelea ubavuni, wala si kwa unene wa mwili.)

Kubwa hushinda pia kwa mwendo. Mashua inayopasua maji hujitengenezea wimbi, na wimbi refu huenda kasi kuliko fupi. Mashua nayo haiwezi kwa urahisi kulipita wimbi lenye urefu sawa na wake. Katika maji ya kina kirefu, kikomo hicho ni kama kilometa 10 kwa saa kwa mashua ya meta 5, na kama 14 kwa ile ya meta 10. Mhandisi Mwingereza William Froude aliyachunguza mambo haya katika miaka ya 1860 kwa kukokota mtoni vielelezo vya umbo moja vyenye ukubwa mbalimbali.

Lakini Rukwa si Nyasa. Ziwa Nyasa lina mahali penye kina cha takriban meta 700. Rukwa ni ziwa la kina kifupi, lisilo na mto wa kutokea, na maji yake hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa mwaka hata mwaka. Maji yakiwa na kina cha meta moja tu, wimbi hukokota miguu, kwa kusema hivyo, juu ya sakafu ya ziwa. Kikomo cha mashua kubwa huanguka hadi kama kilometa 10.6 kwa saa, na cha ndogo hadi kama 9.3. Ile faida ya kilometa 4 imekuwa moja na ushei! Tena mkuku wa mashua kubwa umeshuka mara mbili ndani ya maji, na ikikwama mchangani wanaoisukuma wanakabiliana na uzito mara 8. Kwa ziwa la namna hii mashua ndogo ndiyo chaguo la busara, hata kama haipendezi macho.

Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya shehena. Mtu mmoja akisimama ubavuni mwa mashua ya meta 5, mashua huinama papo hapo, na kila aliyemo hushtuka. Akisimama katika ile ya meta 10 haisikiki kitu. Chombo kidogo humwonya nahodha mapema. Kikubwa hunyamaza, kikavumilia abiria wa kumi, wa ishirini na wa arobaini, hadi uvumilivu wake unapokwisha mara moja. Zile hesabu za mara 16 zilichukulia kwamba uzito umekaa chini. Watu wakisimama, au magunia yakipangwa juu, faida hiyo huyeyuka pasipo dalili ya kuonekana. Meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018, vyote katika Ziwa Viktoria, havikuwa vyombo vidogo. Vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi.

Ajabu ni kwamba lori linalokwenda mpakani Tunduma hupimwa kwanza kwenye mizani, ilhali mtumbwi hupakiwa kwa kukadiria. Uingereza ililazimisha alama ya ujazo ubavuni mwa meli zake kwa sheria ya mwaka 1876, baada ya Samuel Plimsoll kuipigania bungeni. Mtumbwi wahitaji mstari mmoja tu wa rangi.

Somo la maeneo na mijao aghalabu hufundishwa kwa michemraba ya ubaoni. Mwalimu wa Vwawa au Tunduma aweza kuchonga mashua mbili za mbao laini, sentimeta 20 na 40, akaziweka katika karai pana, akawapa wanafunzi mchanga na kijiko. Wapakie sakafuni kwanza, kisha juu ya kijukwaa kidogo, wakihesabu vijiko hadi kila moja ipinduke. Na kabla ya kupakia, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari mahali ambapo yeye angeuchora ule mstari.