Waraka wa Jana Uondolewe na Nani?

Taasisi kubwa haiwezi kusema na kila mtu wake uso kwa uso. Serikali yenye shule za msingi zilizotapakaa toka Kagera hadi Mtwara husema na walimu wake kwa maandishi: nyaraka, mihtasari ya masomo, miongozo na fomu. Zamani maandishi hayo yalisafiri katika bahasha hadi wilayani, yakateremka hadi katani, mwishowe yakabandikwa katika ofisi ya Mwalimu Mkuu. Siku hizi sehemu kubwa ya safari hiyo hufanywa na tovuti.

Hayo ni maendeleo ya kupongezwa. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa, na Halmashauri ya Wilaya ya Hanang, yenye makao yake hapa Katesh, nayo ina tovuti yake. Mwaka 2019 ilitungwa Sheria ya Serikali Mtandao, nayo Mamlaka ya Serikali Mtandao ikapewa jukumu la kusimamia shughuli hizo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu katika maktaba yake ya mtandaoni. Aidha, ipo mifumo ya ndani isiyofunguliwa ila kwa neno la siri, kama PReM ya Baraza la Mitihani, inayotunza kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi.

Hata hivyo, sisi tulio na kazi ya kuwaandaa walimu twaona kwamba jambo moja halijapewa uzito unaostahili. Kuweka maandishi katika tovuti ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, tena iliyo ngumu zaidi, ni kuyatunza, kuyasahihisha, na kuyaondoa mbele ya macho ya watu yanapofika mwisho wake. Nusu hii isipofanywa, anayeumia ni mtoto darasani.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, na katika shule za msingi ulianza na Darasa la I na la III. Watoto walioingia Darasa la III mwaka huo wanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi katika Darasa la VI mwaka 2027. Wenzao waliokuwa Darasa la IV mwaka huo huo 2024 waliendelea na mtaala wa zamani, nao wanatarajiwa kumaliza Darasa la VII mwaka huo huo 2027. Kwa hiyo, katika kipindi chote hicho, shule moja ina mitaala miwili iliyo halali, kila mmoja kwa madarasa yake. Katika mtaala wa zamani mwanafunzi anakutana na Uraia na Maadili pamoja na Maarifa ya Jamii. Katika mtaala mpya anakutana na Historia ya Tanzania na Maadili.

Sasa tumfikirie mwanachuo aliyepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya kijijini, chini ya Mlima Hanang. Anatafuta muhtasari kwa simu yake. Anapata faili tatu zenye jina linalofanana: moja imo katika tovuti rasmi, ya pili imewekwa na mtu asiyejulikana, ya tatu imepitishwa katika kikundi cha WhatsApp. Akichukua isiyo yake, ataandika azimio la kazi safi kabisa, ataandaa zana nzuri, na atafundisha kwa bidii jambo ambalo darasa lile halikupangiwa. Juhudi zake zote zitakuwa sawa na maji yaliyomwagwa katika gunia.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliojifungua, warudi shuleni. Kabla ya hapo msichana wa namna hiyo alifukuzwa. Pale ambapo maelekezo ya zamani yanaendelea kuonekana bila alama yoyote ya kwamba yamebadilishwa, mwalimu aweza kumrudisha nyumbani binti mwenye haki ya kuketi darasani, naye mwalimu akaamini kwamba anatii amri. Ukurasa mmoja uliosahauliwa waweza kumnyima mtu elimu ya maisha yake yote.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kufuta kila kilicho cha zamani. Sisi hatukubaliani nao. Muhtasari wa zamani ungefutwa mwaka 2024, mwalimu wa Darasa la IV angebaki mikono mitupu. Kinachotakiwa ni kila andiko liseme lenyewe ni la nani, ni la lini, na linatumika mpaka lini. La zamani liwekwe mahali pa kumbukumbu, nalo libebe maneno ya wazi juu ya ukurasa wake wa kwanza: limebadilishwa na andiko fulani.

Busara hii si ngeni kwetu. Ndiyo kazi iliyofanywa na masijala tangu zamani. Barua rasmi haitoki ofisini bila kumbukumbu namba, tarehe, sahihi na cheo cha mwandishi, na orodha ya waliopelekewa nakala. Karani wa masijala anajua barua imo katika jalada gani, na jalada likijaa linafungwa, jingine linafunguliwa kwa namba inayofuata. Tovuti ilipokuja, wengi walidhani kwamba masijala imekwisha kazi. Kinyume chake ndiyo kweli: tovuti bila nidhamu ya masijala ni chumba kilichojaa karatasi sakafuni.

Umuhimu wa tarehe tuliuona hapa hapa Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya mji na maeneo ya jirani kama Gendabi na Jorodom. Idadi ya waliopoteza maisha ilitangazwa upya siku baada ya siku, hata ikapita 80. Kila taarifa ilikuwa kweli kwa siku yake. Lakini taarifa ya siku ya kwanza, ikisomwa siku ya tano bila tarehe, inageuka kuwa uongo, ingawa aliyeiandika hakusema uongo. Hivyo ndivyo yalivyo maandishi yote ya taasisi kubwa: ukweli wake una siku yake.

Huenda msomaji akauliza: je, hii si kazi ya mafundi wa kompyuta? Hapana. Fundi anatunza mtambo; hawezi kujua kwamba mada fulani imehamishwa kutoka Darasa la V hadi la IV. Anayejua ni mwenye somo. Kwa hiyo kila ukurasa unapaswa kuwa na mtunzaji mwenye cheo kinachojulikana, ambaye akihamishwa kituo, kazi hiyo inakabidhiwa kwa mwingine kwa maandishi, kama vile funguo za stoo zinavyokabidhiwa. Taasisi kubwa hazikosi kompyuta kama zinavyokosa mtu wa kuulizwa.

Wengine watasema kwamba katika shule za mbali mtandao ni wa shida, hivyo mjadala huu ni wa watu wa mjini. Sisi twasema kwamba huko ndiko unakohusika zaidi. Mwalimu anayepata mtandao mara chache hupakua faili mara moja na kulitunza katika simu kwa miaka. Nakala hiyo haijui kwamba mama yake amebadilishwa huko juu.

Yatupasa basi, katika vyuo vyetu, kulifanya jambo hili kuwa sehemu ya somo la njia za kufundisha. Halihitaji chumba cha kompyuta. Mkufunzi achape kurasa tatu za mada moja: moja yenye jina la taasisi na tarehe, ya pili isiyo na tarehe, na ya tatu iliyokwisha kubadilishwa. Wanachuo wagawanyike katika vikundi, waamue ni ipi wangeandalia somo, kisha watetee uamuzi wao mbele ya wenzao. Saa moja ya zoezi hilo itawafaa kwa miaka mingi.

Nanyi walimu watarajiwa, mtakapofika shuleni, anzeni na lililo mikononi mwenu. Kila faili lipewe jina linaloonyesha somo, darasa na mwaka, kwa mfano: Muhtasari wa Hisabati, Darasa la III, 2023. Mwombeni Mwalimu Mkuu pawe na daftari moja la kuorodhesha nyaraka zilizopokelewa, na mbele ya kila waraka nafasi ya kuandika umebadilishwa na upi. Msipitishe faili katika kikundi kabla ya kutazama limetoka wapi. Aidha, kumbukumbu za wanafunzi zilizo katika mifumo ya ndani zibaki humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtoto wa Hanang kama inavyomlinda mtu mzima wa Dar es Salaam. Na mkiona katika tovuti rasmi andiko lililopitwa na wakati, mwandikieni mwenye tovuti. Kumwarifu mkubwa kosa lililo ubaoni pake si utovu wa adabu; ni sehemu ya utumishi.

Mwalimu hufuta ubao kabla ya kuanza somo jipya, wala hakuna anayemsifu kwa kazi hiyo. Lakini asipofuta, watoto watanakili somo la jana. Twataka taasisi zetu kubwa nazo zijifunze kufuta ubao.