Waya za meno ukubwani: nani atazikaza mwezi wa nane?

Mkaaji wa Kindu anayefikiri kunyoosha meno akiwa mtu mzima huanza kwa kuuliza bei. Ni dola ngapi, avansi ni kiasi gani, inawezekana kulipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi? Ni maswali ya haki, na mji huu unajua kukusanya pesa: kuna likelemba, kuna ndugu aliye Kinshasa ao Lubumbashi anayetuma kupitia simu. Lakini bei inayotajwa siku ya kwanza ndiyo sehemu nyepesi ya hesabu. Swali linalopaswa kutangulia ni lingine: nani atakaza waya hiyo mwezi wa nane?

Apareyi ya meno si kitu cha kununua na kwenda nacho nyumbani, kama miwani. Munganga anabandika vifungo vidogo juu ya meno, anapitisha waya, na waya inasukuma jino polepole. Upande jino linakoelekea, mfupa wa taya unayeyuka. Upande linakotoka, mfupa mpya unajengwa. Mwili wenyewe ndio unaofanya kazi hiyo, na mwili hauharakishwi. Kwa mtu mzima inachukua mara nyingi mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, pengine zaidi, na kila wiki nne hadi nane lazima arudi ili waya irekebishwe. Kwa miaka miwili hizo ni safari kati ya 13 na 26. Taya la mtoto wa miaka 12 lingali linakua na linaweza kuongozwa. La mtu wa miaka 35 limekwisha kukomaa, kwa hiyo meno peke yake ndiyo yanayosogezwa. Kama taya zenyewe ndizo zimepishana sana, waya haitoshi, upasuaji unaweza kuhitajika.

Sasa hesabu hiyo iwekwe juu ya ramani ya Maniema. Anayekaa komini ya Alunguli anavuka kwanza Lualaba ili kufika Kasuku ao Mikelenge. Anayetoka Kalima, Kibombo ao Kasongo anategemea barabara ambayo mvua ndiyo inaiamuru. Na kama munganga mwenye ujuzi huo yuko nje ya jimbo, safari ni ya ndege, sababu gari la moshi la SNCC linalopanda kutoka upande wa Kabalo halijui randevu ya mtu yeyote. Tiketi, malazi, siku za kazi zilizopotea: vitu hivyo havimo ndani ya bei iliyotajwa kwenye kabine, na mara kumi na tatu vinaweza kuipita bei yenyewe.

Kuna pia jambo ambalo watu wa mashariki hawahitaji kuelezwa. Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wake wa ndege ukafungwa kwa safari za kawaida. Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Mtu aliyefungwa waya katika moja ya miji hiyo mwezi wa Desemba, akarudi Maniema kwa sikukuu, alibaki na chuma mdomoni bila wa kukikaza wala wa kukitoa. Waya isiyoangaliwa hailali. Inaweza kuendelea kusukuma meno kule yasikopaswa kwenda, kifungo kinaweza kubanduka na kuchubua shavu, na uchafu unaokaa pembeni ya vifungo unatoboa jino.

Wala si vita tu inayoacha mtu katikati ya njia. Huko Marekani kampuni ya SmileDirectClub, iliyoanzishwa 2014, ilikuwa inatuma kwa posta vifuniko vya plastiki vya kunyoosha meno, bila mgonjwa kukaa mbele ya munganga kama kawaida. Ilitangaza kufilisika Septemba 2023, na Desemba mwaka huo ikafunga milango. Wateja waliokuwa katikati ya matunzo waliambiwa watafute msaada kwingine. Ikiwa hayo yanawapata watu wenye barabara za lami na mahakama za kulalamikia, mkaaji wa Kindu ana sababu ya kuuliza mapema, tena kwa maandishi: munganga akihama ao akikosa vifaa, nani anaendelea, na avansi inakwenda wapi?

Kuuliza hivyo si kumcheka mwenye kutaka meno yaliyonyooka. Wengine wanasema ni anasa ya wazungu, kwamba mtu mwenye watoto shuleni hana haki ya kufikiria kinywa chake. Maneno hayo ni mepesi mno. Mwalimu anayefunika mdomo kwa mkono kila anapocheka mbele ya wanafunzi, msichana wa miaka 28 anayekataa kupigwa picha siku ya ndoa ya dada yake, hao wanabeba kitu kizito, na hakuna mwingine wa kukipima kwa niaba yao. Wengine hawafikirii uzuri hata kidogo: meno yamebanana hivi kwamba mswaki haupiti, ao meno ya juu yanauma ufizi wa chini kila wakati wa kula. Kwao hiyo ni dawa.

Lakini ni vizuri kuuliza pia sura hiyo inayotafutwa ni ya nani. Katika nchi za Kiswahili, mwanya kati ya meno mawili ya mbele umesifiwa tangu zamani kama pambo. Kuna waliotamani kuwa nao. Leo kijana anaona kwenye simu meno meupe yaliyopangwa kama matofali, naye anaanza kuona mwanya wa mama yake kama kosa la kusahihishwa. Mwanya si ugonjwa. Kama hauumizi na mwenyewe hauchukii, hakuna wa kumshauri aufunge.

Wakongo wanajua kisa kimoja kikali juu ya meno na macho ya wengine. Ota Benga, Mbuti wa msitu wa Congo, alikuwa na meno yaliyochongwa kwa ncha, jambo ambalo kwao lilikuwa uzuri. Alipelekwa Marekani kuonyeshwa kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, na Septemba 1906 akawekwa pamoja na nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Meno yake yalikuwa sehemu ya kivutio. Baadaye, alipohamia Lynchburg, Virginia, meno hayo yalifunikwa ili afanane na wengine. Machi 1916 alijiua, na inasimuliwa kwamba kabla ya hapo aliyabandua yale yaliyofunika meno yake. Anayekwenda kufunga waya kwa hiari yake hayuko katika hali hiyo hata kidogo. Hata hivyo tofauti kati ya kubadilisha meno kwa sababu mwenyewe anataka na kuyabadilisha kwa sababu mchumba ao bosi amesema, inafaa kufikiriwa usiku mmoja ao mbili kabla ya kulipa.

Upande wa afya, utaratibu ni wazi. Meno yaliyotoboka yazibwe kwanza, ufizi unaotoka damu utunzwe kwanza. Kusukuma jino ambalo ufizi wake ni mgonjwa ni kulilegeza, na mtu anaweza kulipoteza kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na mengi kati yake yanazuilika kwa mswaki, dawa ya meno yenye floridi na kupunguza sukari. Munganga anayependekeza waya bila kupiga picha ya radio ya taya, bila kuchungulia ufizi, anauza vyuma tu. Aliyefungwa ajue pia kwamba atasukutua na kupiga mswaki kila baada ya kula, na kwamba mahindi ya kuchoma, muwa na karanga ngumu vitamsubiri miaka miwili. Na waya ikitoka, kazi haijaisha: meno yanapenda kurudi yalikotoka, kwa hiyo kuna apareyi nyingine ya kuyashikilia, ya kuvaliwa usiku kwa miaka. Anayeacha kuivaa anaweza kuona pesa yake ikirudi nyuma jino kwa jino.

Hatari kubwa zaidi ni njia ya mkato. Kwenye mitandao wanaonyeshwa watu wanaofunga mwanya kwa mpira mdogo wa kubania. Mpira huo unateleza chini ya ufizi, unakula mfupa unaoshika jino, na jino zima linaweza kung'oka. Huko Thailand serikali ililazimika kupiga marufuku waya za urembo zinazobandikwa na wauzaji wasio wanganga. Bidhaa za namna hiyo zinauzwa kwa bei ndogo kwenye intaneti, na hakuna kinachozizuia kufika ndani ya mfuko wa msafiri.

Hapa ndipo divisheni ya afya ya jimbo la Maniema ina kazi. Mkaaji hawezi kutofautisha diploma ya kweli na koti jeupe, wala si kazi yake. Divisheni inajua kabine zipi zina ruhusa ya kutunza meno, nani amesoma nini, na ni matunzo gani kila moja inaweza kufanya. Orodha hiyo isomwe kwenye radio za mji, pamoja na namba ya kupigia kwa mwenye malalamiko. Na kabla ya hayo, karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa hospitali kuu ya Kindu, yenye majina na anwani, ingetosha kwa kuanzia.