Katuni ya Garissa Isikike Kigarissa

Filamu ya katuni huzaliwa bila sauti. Waigizaji husoma maneno yao ndani ya chumba kilichozibwa mwangwi, kwa hiyo kila upepo na kila kelele ya nyuma lazima mtu aichague na kuiongeza. Kenya ina mafundi: katuni ya watoto ya Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa 2010, ilitengenezwa katika studio ya Homeboyz, Nairobi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba katuni itakayosimulia maisha ya Kaskazini Mashariki isiazime kelele za soko kutoka maktaba ya sauti ya ng'ambo. Soko la mifugo la Garissa lina sauti zake: ngamia wakikoroma, kengele za mti zikigonga shingoni mwao, wauzaji wakivutana bei kwa Kisomali. Mtoto wa Dadaab au Wajir atagundua uongo kabla mhusika hajamaliza sentensi.

Watayarishaji watasema kurekodi huko ni gharama, na kwamba kelele humeza maneno. La kwanza halina uzito. Kinasa sauti kidogo chenye kizuia upepo kinatosha, na dakika chache za soko zitatumika katika vipindi vingi. La pili ni kweli, hasa kwa mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili. Lakini dawa si kuifuta Garissa. Fundi ashushe sauti ya soko mhusika anapoanza kusema, aipandishe anaponyamaza, kisha aisikilize kazi yake kwenye spika ya simu, kwa kuwa watoto wengi wataitazama humo.