Deni la Wana-Kiswahili kwa Usam Ghaidan

Katika vyumba vya kupanga vya Kimumu, kando ya barabara itokayo Eldoret kuelekea Iten, huishi wanafunzi wengi wa Kiswahili ambao hawajapata kuiona nyumba ya mawe ya Lamu. Hata hivyo hutakiwa kuzihakiki tungo zilizozaliwa katika nyumba za namna hiyo. Akutanapo na neno kiwanda katika utungo wa kale, mwanafunzi hufikiria mitambo ya Rivatex. Kumbe kiwanda cha nyumba ya Lamu ni ua wa ndani, ulio wazi kwa mbingu.

Aliyeyaeleza hayo kwa vipimo na michoro hakuwa mwanaisimu wala mhakiki. Alikuwa Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraki aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kitabu chake kuhusu Lamu kama mji wa Waswahili kilitoka mwaka 1975, na cha pili, kuhusu uhifadhi wa mji huo, kikafuata mwaka 1976.

Anayeifuata michoro ya nyumba hizo huanzia kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe. Hupita tekani, ambapo njia hupinda ili mpita njia asichungulie ndani. Hufika kiwandani, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na hatimaye ndani, penye ukuta wa zidaka. Upana wa vyumba huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Mwanafunzi wa lahaja ataona kwamba nyumba hii ni somo zima la Kiamu: tini kwa chini, yuu kwa juu, zidaka kwa vidaka.

Faida yake kwa fasihi si ndogo. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayataja madaka yaliyokuwa ya vyombo vya kauri, ambayo sasa ni malalo ya ndege. Hayo ni matundu ya ukutani, si daka la mlangoni. Mhakiki asiyejua tofauti hiyo huwaweka ndege barazani, na uchungu wa mshairi ukampita: uharibifu umefika chumba cha ndani kabisa, alikokuwa hafiki mgeni.

Ni kweli kwamba nyumba ya mawe ilikuwa ya wenye nacho, na kwamba wengi waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Anayeisoma Lamu kwa michoro ya mawe pekee atausikia ushairi wa mabwana na kuwasahau waliowachotea maji.

Lamu iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ghaidan naye, baada ya Makumbusho ya Taifa ya Iraki kuporwa mwaka 2003, alishiriki kuandika historia fupi ya makumbusho hayo. Kazi ilikuwa ileile: kuandika kilichopo kabla hakijatoweka.

Vitabu vyake aliviandika kwa Kiingereza, na idara za Kiswahili zimewaachia wasanifu majengo. Msamiati uliomo ni wa Kiswahili. Vitafsiriwe, na mchoro wa nyumba ya Lamu ubandikwe katika darasa la ushairi kabla ubeti wa kwanza haujasomwa.